Kofia za Keya: Tusizifue, Tusiziuze Ovyo

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule yetu, Shinyanga.)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, nadhani ilitazamia niseme juu ya utumishi wa umma, au juu ya namna ya kufaulu mitihani. Nilijibu kwamba nitazungumza juu ya kofia. Katibu wetu akanipigia simu kuniuliza kama barua yangu ilikuwa na makosa ya chapa. Haikuwa na makosa. Kofia yenyewe ndiyo hii hapa mezani. Mlioko mbele mnaiona; mlioko nyuma nawaomba mvumilie, nitaipitisha mwishoni, nanyi mtaipokea kwa mikono mikavu.

Ni kofia ya pama ya khaki. Ilikuwa mali ya babu mzaa mama yangu, ambaye alikuwa Keya. Ikiwa mnaiona ndogo kuliko kichwa cha mtu mzima, hamkukosea. Leo inamtosha mtoto wa darasa la tano. Haikuwa hivyo ilipotoka vitani. Aliyeifanya hivyo ni mimi, nikiwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule hii, mwaka 1994. Habari hiyo ndiyo nimekuja kuisimulia, pamoja na niliyojifunza baadaye, ili nyumba nyingine zisipate hasara iliyoipata nyumba yetu.

Kwanza niwaeleze vijana maana ya neno Keya. King's African Rifles lilikuwa jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1902. Herufi tatu za jina hilo, K.A.R., zikageuka vinywani mwa wazee wetu kuwa Keya. Batalioni ya 6 ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikawa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles. Jeshi hilo lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na Septemba ya mwaka huo likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Katika Vita Kuu ya Pili Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Walifika Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Babu alikwenda Burma. Alitusimulia kwamba begani alivaa alama ya kichwa cha kifaru, na kwa alama hiyo twajua kuwa alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw katika majira ya masika, ndani ya matope na malaria, ikaufikia mto Chindwin, na mwezi Desemba 1944 likajengwa pale Kalewa daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Babu alilivuka. Lakini katika divisheni ile zilikuwamo batalioni zaidi ya moja za Tanganyika, mathalani ya 26 na ya 36. Yeye alikuwa katika ipi? Naomba mlishike swali hilo. Nitalirudia.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu, kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Geita, kofia za askari wa zamani zilizobaki ni za aina chache, na yafaa tuzitambue.

Ya kwanza ni tarabushi ya askari wa Mjerumani. Ilifunikwa kitambaa cha khaki chenye pazia nyuma la kukinga shingo na jua, na mbele ikawekwa tai wa madini, alama ya dola ya Kaizari. Maofisa wa Kijerumani wao walivaa pama iliyokunjwa ukingo wake upande wa kulia, na rangi ya ukingo ilionyesha koloni: nyeupe ilikuwa Afrika Mashariki, buluu Afrika ya Kusini Magharibi, nyekundu Kameruni. Tarabushi yenye tai ni adimu sana. Vita vile vilidumu hadi Novemba 1918, na nguo za mwanzo zilikwisha kuraruka zamani. Baada ya kuwashinda Wareno pale Ngomano, Novemba 1917, askari wa Mjerumani walivaa nguo na kushika bunduki walizoziteka kwa Wareno. Kwa hiyo mtu akikuletea tarabushi ya Mjerumani iliyo safi kama imetoka dukani jana, basi huenda kweli imetoka dukani jana.

Ya pili ni tarabushi ya Keya wa kwanza, ile ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika baadhi ya batalioni beji yake ilikuwa namba iliyoandikwa kwa tarakimu za Kiarabu. Tena mwaka 1916 vita vilipita hapa hapa petu. Waingereza waliitwaa Mwanza mwezi Julai, wakateremka kwa njia ya Shinyanga kuelekea Tabora, na Wabelgiji na askari wao wa Kongo wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Askari wa Kongo nao walivaa tarabushi, nyekundu. Hivyo tarabushi ikionekana katika nyumba ya hapa kwetu yaweza kuwa imetoka katika jeshi lolote kati ya matatu, na bila beji au maelezo ya wenye nyumba ni vigumu kuamua.

Ya tatu ni pama, kama hii ya babu. Ya nne ni kofia ya chuma ya Waingereza, ile pana kama sahani, iliyobuniwa mwaka 1915. Hiyo wengi wetu tumeiona bila kuijua, kwa sababu katika nyumba nyingi iligeuzwa chombo cha kunyweshea kuku.

Nisisahau kofia zilizohamia katika ngoma. Vijana wa Beni wa vyama vya Marini na Arinoti walicheza kwa gwaride, vyeo na kofia za kijeshi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ngoma hiyo ilisambaa bara pamoja na askari. Kwa hiyo si kila kofia ya kijeshi ilikwenda vitani. Nyingine ilikwenda ngomani tu, na hiyo nayo ni historia, mradi isemwe hivyo ilivyo.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mwaka 1994 kidato chetu kilitayarisha mchezo kwa ajili ya sikukuu, nami nikapewa nafasi ya askari. Likizo ilipofika nilimwomba babu kofia yake, naye akanipa bila neno. Ilikuwa nzito kwa jasho na moshi wa miaka hamsini, imezunguka kama mkate wa mofa, na ndani ilikuwa na utepe wa ngozi uliopasuka, ule unaogusa paji la uso. Nikasema moyoni kuwa nitamfurahisha mzee. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikaifua kama unavyofua shati. Ule utepe nikauchana kwa wembe nikautupa jikoni, nikashona mwingine wa kitambaa cheupe. Kisha nikaipiga pasi ya mkaa.

Niliporudisha, babu aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama kwa nje. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba mahali ulipokuwa ule utepe wa ngozi, akazunguka nacho mara moja. Akasema, "Umeitakatisha, mjukuu wangu." Akaitundika. Mimi nikadhani nimeshukuriwa.

Babu alifariki mwaka 1999. Kofia nikaachiwa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeonyesha kuijali.

Mwaka 2011 nilikuwa mtumishi kule Geita. Binamu yangu alikuwa mchimbaji mdogo Nyarugusu, naye akaniambia kwamba katika wanunuzi wa dhahabu yupo mmoja anayenunua pia vitu vya kale: rupia, visu vya bunduki, beji na kofia. Sina budi kukiri mbele ya mkutano huu kwamba nilikuwa na shida ya fedha, nikaibeba kofia ya babu nikaenda.

Mnunuzi yule aliipokea, naye pia hakuitazama kwa nje. Aliigeuza, akaisogeza dirishani, akatoa ile lenzi anayopimia dhahabu, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mkuu, hii nani kaifua?"

Nikamjibu kuwa ni mimi.

"Umeiua," akasema.

Akanitajia bei ya kuku wawili. Nilikasirika, nikamwambia kuwa ni kofia halali ya Burma. Akanijibu kwa upole kuwa anaamini, ila yeye hanunui maneno yangu, ananunua kile ambacho kofia yenyewe inasema, na hii haisemi kitu. Nikamwomba anieleze. Ndugu zangu, mtu yule hakusoma hata nusu ya nilivyosoma mimi, lakini somo alilonipa kwa nusu saa ni bora kuliko mengi niliyolipia ada. Nitawapa kwa ufupi.

Mkusanyaji wa kofia za kale, awe London, Berlin au Nairobi, huanza na umbo. Kitambaa cha pama na cha tarabushi hakikufumwa. Ni sufu au manyoya ya wanyama yaliyoshindiliwa kwa mvuke mpaka yakashikamana. Ukikitia tena katika maji ya moto na kukisugua, kinaendelea kushikamana na kusinyaa, na hakirudi tena. Ndiyo sababu kofia hii imekuwa ya mtoto.

Pili hutazama ndani. Chapa ya mtengenezaji, mwaka, ukubwa, na zaidi ya yote maandishi ya mwenyewe: jina, namba, kikosi. Askari hulala wengi katika hema moja na kofia zote zafanana, kwa hiyo mtu huandika jina lake mahali pasipofutwa na mvua. Mahali hapo mara nyingi ni juu ya utepe wa ngozi au nyuma yake.

Tatu hutazama beji na tundu zake. Kofia iliyovaliwa miaka mingi hupauka kwa jua, lakini chini ya beji hubaki kivuli cha rangi ya awali. Beji ikikaa juu ya kivuli cha umbo lake, ni ya kofia hiyo. Beji ikiwa halali lakini hakuna kivuli, basi mtu ameoa kofia na beji zisizojuana ili apate bei. Na beji iliyosuguliwa kwa dawa mpaka inang'aa imepoteza maandishi yake madogo na ile rangi nzito ya umri. Wenye kujua huipunguzia thamani.

Nne hutazama kama vipande vyote ni vya asili: ukanda wa kidevu, utepe, bitana, uzi. Nyuzi nyeupe mpya katika kofia kuukuu huonekana mara moja. Kwa kofia ya chuma hutazamwa bitana ya ndani na rangi ya awali. Ukiipaka rangi upya umeifunika historia yake.

Mwisho huuliza habari zake. Kofia yenye picha ya mwenyewe, cheti cha kuachishwa jeshi, au jina linalosomeka, ina thamani mara nyingi kuliko pacha wake aliye bubu. Kwa mkusanyaji, jasho si uchafu. Ni ushahidi kuwa mtu alikuwamo.

Nilichukua kofia yangu nikarudi nayo. Sikuiuza. Nisijisifu kwa hilo. Pengine bei ingekuwa nzuri ningeiuza.

Hapo ndipo mimi na mnunuzi yule tunapoachana njia. Yeye alilitaka jina kwa sababu lingepandisha bei. Sisi twalitaka jina kwa sababu ni jina. Mimi kazi yangu ni ya masjala; siku zote nashinda kati ya majalada, na mtu wa masjala anaijua vizuri methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa Vita Kuu ya Pili hali ilikuwa bora zaidi: kule Taukkyan, Burma, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na Keya wamo. Lakini hao ni waliokufa huko. Waliorudi salama na kufia vijijini kwao, nani ameandika majina yao? Kwa wengine ni wao wenyewe, kwa kalamu ya wino, ndani ya kofia.

Sasa nifike kwa bibi.

Babu alikuwa na karatasi zake za kuachishwa jeshi, ndani ya kopo la bati. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, familia ilihama kwa haraka, na katika kuhama kule kopo halikuonekana tena. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fedha za kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa katika umaskini, pamoja na wajane wao. Habari zilimfikia bibi kwa njia ya redio. Alikuwa mzee sana, macho hayaoni vizuri, lakini masikio yalikuwa mazima. Akanipigia simu mimi, kwa kuwa ndiye mjukuu aliye ofisini, akaniambia nimtafutie.

Nilikwenda kuuliza. Maswali yalikuwa mepesi na ya haki: jina aliloandikishwa nalo, namba yake ya jeshi, batalioni yake. Jina alilolitumia kijijini twalijua, lakini wengi waliandikishwa kwa jina jingine, au kwa jina la baba lililoandikwa na karani asiyejua Kisukuma. Namba hatukuijua. Batalioni, ni ile ya 26 au ile ya 36? Nikampigia bibi nikamwuliza kama anakumbuka namba.

Akasema, "Mimi sijui kusoma, baba. Lakini namba yake ilikuwa kwenye kofia. Kila mara alikuwa akiipapasa kwa kidole. Iangalie kwenye kofia."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia simu inakatika.

Bibi alifariki mwaka 2020. Sisemi kwamba angepata msaada. Huenda hata kwa namba kamili asingekuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Ninachosema ni kwamba hakupata hata nafasi ya kukataliwa. Na hilo halikufanywa na Mwingereza wala na ofisi yoyote. Lilifanywa na mjukuu wake mpendwa, msomi, kwa sabuni ya unga na wembe.

Ndugu zangu, baada ya hayo nimejitahidi kujifunza namna ya kuzitunza kofia hizi, na sasa nitawaeleza mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

La kwanza: usifue, usipige pasi, usishone, usisugue beji. Vumbi liondoe kwa brashi laini sana, kwa kufuata upande mmoja, basi.

La pili: kabla ya jambo lolote, chungulia ndani penye mwanga. Inua utepe wa ngozi taratibu bila kuukunja. Andika katika daftari kila herufi na kila namba uionayo, hata kama huielewi, kisha piga picha. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, hatuna udhuru.

La tatu: adui wakubwa ni funza wa nondo wanaokula sufu, mende, mchwa, ukungu na jua. Usiitundike kofia ukutani kwa msumari. Umbo linaharibika na mchwa wana njia. Iweke ndani ya sanduku, juu ya nguo safi ya pamba iliyokunjwa kufuata umbo la kichwa, mbali na sakafu. Usiifunge siku zote ndani ya mfuko wa plastiki, kwani unyevu hukaa humo na kuleta ukungu. Ukiona funza, ifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, uombe nafasi katika friza ya wauza samaki, ikae wiki mbili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili maji yasigande juu ya kitambaa. Makumbusho makubwa duniani hufanya hivyo hivyo.

La nne nalisema kwa mkazo, kwa kuwa sisi ni wakulima wa pamba: usinyunyize dawa ya pamba juu ya kofia. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na sumu hiyo itakaa katika kitambaa ikiwangojea watoto wako. Tena vijana wenye ndugu Geita mnaijua zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu na madhara yake. Zebaki hiyo hiyo zamani ilitumiwa viwandani kuandaa manyoya ya kutengenezea kofia. Marekani viwanda viliiacha mwaka 1941. Masalio yake yaweza kuwamo katika kofia kuukuu za manyoya. Kwa hiyo ukishika kofia ya kale nawa mikono, na usimvalishe mtoto kwa mchezo.

La tano ni juu ya kuuza. Siwezi kumzuia mtu kuuza mali yake, mimi niliyekwenda kuuza. Lakini msidhani sheria peke yake itatulindia. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa masalio ya kale vile vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kofia za vita vikuu ni za baadaye sana. Mtunzaji wa kwanza ni wewe mwenyewe. Ukiona huna budi kuuza, andika kwanza habari zake zote na ubaki nazo. Na kama nyumba imeshindwa kutunza, yako makumbusho: ipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na hapa jirani iko Bujora, karibu na Mwanza, mahali panapohifadhi mambo ya Wasukuma. Watu wa kazi hiyo watakushauri.

Pia tuwe macho na matapeli. Sote twawajua wanaochimbua chini ya mibuyu na maboma ya zamani wakitafuta mali ya Mjerumani, na waganga wanaokula fedha zao. Mali ya zamani iliyo kubwa haikufukiwa. Imewekwa juu ya dari, ndani ya sanduku la bibi, na inaliwa na nondo.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Sitaki tuanzishe makumbusho hapa shuleni. Kabati bila mtunzaji ni jikoni kwa mchwa. Naomba jambo dogo zaidi. Vijana mtakapokwenda likizo, kila mmoja amwulize mzee wa kwao: katika ukoo wetu nani alikuwa Keya, au mpagazi wa vita, au mwanajeshi wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979? Aandike jina, namba kama ipo, mahali alipokwenda, na kitu kilichobaki nyumbani. Kofia ibaki kwa wenyewe. Yaje majina tu. Nimekuja na daftari gumu la kurasa mia mbili, nimemkabidhi Mkuu wa Shule, litakaa maktaba. Mtu akitaka kunakili orodha kwa ajili ya gazeti letu hili, na afanye hivyo.

Ukurasa wa kwanza nimeujaza mimi. Nimeandika jina la babu la kijijini. Nimeandika Divisheni ya 11, Burma, Chindwin. Penye batalioni nimeandika 26 au 36. Penye namba nimeacha nafasi wazi, si kwa kusahau, bali ili kila atakayefungua daftari lile aanze kwa kuiona nafasi hiyo, kisha arudi nyumbani kabla hajaandika na kuchungulia vizuri ndani ya kofia ya kwao.

Sasa naipitisha. Tafadhali igeuzeni mtazame ndani. Huo utepe mweupe mnaouona nimeushona mimi.